Fundi Kijijini: Breki za Tela

Juma hili twasema na wenye pikapu na matrekta, hasa ninyi wa Ilembo na vijiji vya kando ya Mpanda, ambao wakati wa mavuno mwavuta matela yaliyojaa mahindi na mpunga. Wengi huuliza: "Gari hili laweza kuvuta magunia mangapi?" Swali hilo ni jema, lakini lina ndugu yake asiyeulizwa: "Laweza kusimamisha magunia mangapi?"

Hebu tufanye hesabu. Gunia la mahindi lina kilo 100 hivi. Magunia 20 ni tani 2. Ongeza uzito wa tela lenyewe, na mara utaona ya kwamba kinachovutwa ni kizito kuliko pikapu inayokivuta. Kama tela halina breki, basi breki za gari moja zafanya kazi ya mawili. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya kusimama yazidi mara nne. Katika mteremko tela la namna hiyo hulisukuma gari kwa nyuma, na penye kona hulisukuma ubavuni, mpaka yote mawili yapinduke.

Watu wa reli walilijua jambo hili zamani. Tangu Mmarekani George Westinghouse alipobuni breki ya hewa mwaka 1869, ilionekana ya kwamba haitoshi injini peke yake kuwa na breki. Kila behewa nalo liwe na zake. Na breki zisiposhika, sisi Watanzania twajua matokeo yake. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu, mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma ikiteremka mlima, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa.

Basi, tela lipewe breki zake. Kwa trekta, zafaa breki zinazosukumwa na nguvu ya mafuta ya trekta lenyewe. Kwa pikapu kuna zile zinazojibana zenyewe tela linapolisukuma gari, na kuna za umeme. Hizi za umeme ndizo zinazosumbua mafundi wengi, kwa hiyo tuzieleze.

Breki za umeme huongozwa na kisanduku kidogo kinachofungwa karibu na usukani, mahali mkono wa dereva unapofika upesi. Kazi yake ni kupeleka umeme kwenye sumaku zilizomo ndani ya magurudumu ya tela. Sumaku zikipata umeme hushika, na breki hubana. Umeme ukiwa mwingi, breki ni kali; ukiwa kidogo, breki ni laini.

Visanduku hivi ni vya namna mbili. Cha kwanza hupeleka umeme kwa kiasi ulichokipanga, hata kama umekanyaga breki kidogo tu. Cha pili huhisi jinsi gari linavyopunguza mwendo. Ukikanyaga kwa nguvu, nacho hubana kwa nguvu. Kwa mzigo mzito na njia ya miteremko, chagua hiki cha pili, ijapokuwa bei yake ni kubwa zaidi. Kabla hujalipa, tazama betri ya gari lako. Vingi ni vya volti 12, na gari la volti 24 litakiunguza. Hakikisha pia ya kwamba tela lina sumaku zake, kwa maana kisanduku bila sumaku ni kamba bila ng'ombe.

Sasa nyaya. Kwa kawaida ziko nne, lakini soma kwanza karatasi iliyokuja na chombo, kwani rangi zaweza kutofautiana.

Nyeusi hutoka moja kwa moja kwenye chanya ya betri. Karibu na betri itiwe fyuzi, au swichi inayojikata yenyewe, ya ampea 20 kwa tela lenye magurudumu mawili au manne ya breki.

Nyeupe hurudi kwenye hasi ya betri. Usiifunge kwa skrubu kwenye bati lenye kutu au rangi, maana umeme hautapita vizuri.

Nyekundu huungwa na waya ya taa za breki, pale kwenye swichi ya kanyagio. Pima kwa taa ndogo: waya hiyo yapasa kuwa na umeme unapokanyaga tu.

Buluu huenda nyuma mpaka kwenye soketi ya tela, na kutoka hapo kwenye sumaku.

Waya ya betri na ile inayokwenda kwenye tela ziwe nene. Waya nyembamba ya taa hupata moto, na breki hulegea. Tena tela liwe na waya yake ya kurudisha umeme kupitia soketi; usitegemee chuma cha kiungio.

Jambo jingine lisisahauliwe. Weka juu ya tela betri ndogo, na swichi yenye kamba iliyofungwa kwenye gari. Tela likichomoka, kamba huvuta swichi, na breki hujibana zenyewe. Kamba hiyo ifungwe kwenye mwili wa gari, si kwenye kiungio, kwa sababu kiungio ndicho kinachoweza kukatika. Minyororo ya usalama nayo iwepo.

Kazi ikiisha, jaribu mahali tambarare pasipo na watu, kwa mwendo wa kilomita 30 au 40 kwa saa. Magurudumu ya tela yashike vizuri lakini yasiburuzwe. Ukiongeza au kupunguza mzigo, panga upya.

Nanyi wa trekta, angalieni kanyagio za breki. Ziko mbili, ya kulia na ya kushoto, ili zisaidie kugeuka shambani. Mkiingia barabarani ziunganisheni kwa pini yake. Ukikanyaga moja tu barabarani, trekta litageuka ghafula na tela litakuja juu yako. Na mteremko ushukwe katika gia ndogo, kamwe si kwa gia huru.

Neno la mwisho ni juu ya watu wanaopanda juu ya magunia, akina mama na watoto wakienda sokoni, mazishini, hata kwenye sikukuu ya parokia. Mwenye gari huona haya kuwakatalia jirani zake. Lakini Amri ya Tano haisemi juu ya kisu na mkuki tu. Anayejua ya kwamba tela lake halisimami, naye akapakia watoto wa wenzake, atajibu nini mbele ya Mungu na mbele ya wazazi wao? Afadhali kuambiwa una roho ngumu kuliko kufuata majeneza.

Medali ya Mtakatifu Kristofa itundike, na Padre aombwe kubariki gari. Ila gari lipite kwanza kwa fundi, ndipo liende kwa Padre.