Mwalimu, Anza na HTML Kabla ya JavaScript

Miongoni mwa vijana wetu wanaojifunza kutengeneza kurasa za wavuti imeenea dhana kwamba ukurasa hauwezi kumwitikia msomaji wake pasipo JavaScript. Kijana akitaka kitufe kimoja tu cha kufungua na kufunga maelezo, hukimbilia kunakili programu ndefu asiyoielewa. Kwa maoni yangu dhana hii ni potofu, na sisi walimu hatuna budi kuwa wa kwanza kuiondoa.

Yafaa kwanza tukumbuke kazi ya kila lugha. HTML hutaja kila sehemu ya ukurasa ni kitu gani. CSS huamua sehemu hiyo ionekaneje. JavaScript ni lugha ya programu, nayo hutoa amri za kutekelezwa hatua kwa hatua. Tim Berners-Lee alitoa pendekezo lake la wavuti mwaka 1989 huko CERN, nchini Uswisi. JavaScript ilibuniwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwaka 1995, na kabla ya hapo wasomaji walikwisha kujaza fomu na kupokea majibu.

Tuchukue mfano wa mazoezi ya Kemia. Mwalimu anauliza: "Kwa nini chuma hupata kutu?" Swali huliweka ndani ya tagi iitwayo summary, jibu huliandika chini yake, kisha vyote viwili huvizungushia tagi iitwayo details. Basi, kazi imekwisha. Mwanafunzi huliona swali peke yake. Akisha kufikiri hulibonyeza, na jibu hufunguka kwamba chuma kimekutana na maji na oksijeni. Tangu mwaka 2020 vivinjari vyote vikuu vinaifahamu tagi hii.

Kwa maswali ya kuchagua, HTML ina vitufe vya kuchagulia, na CSS yaweza kutambua kwa neno :checked ni kipi kimechaguliwa, ikaonyesha maelezo yaliyo kando yake. Kadhalika fomu yaweza kukataa nafasi iliyoachwa wazi kwa neno required, au namba inayozidi 100 kwa neno max, bila hata mstari mmoja wa programu.

Jambo hili si la urembo. Programu haina budi isafirishwe kwa mtandao, isomwe, kisha itekelezwe na simu ya msomaji. Mtandao ukikatika njiani, kitufe hubaki pambo: hubonyezwa kisiitike. Anayeumia kwanza ni mwanafunzi mwenye simu hafifu na fedha kidogo za kununulia vifurushi. Tagi ya details haingoji programu yoyote, kwa kuwa uwezo wake umo ndani ya kivinjari chenyewe. Tena hufunguka kwa kibodi, na vyombo vya kusomea skrini vinavyotumiwa na wasioona huweza kutangaza kama imefunguka au imefungwa. Hata kivinjari cha kale kisichoifahamu huonyesha swali na jibu pamoja: siri hupotea, lakini somo hubaki.

Watakuwapo watakaosema kwamba njia hii ina mipaka. Sikatai. Grafu inayobadilika papo hapo kadiri mwanafunzi anavyobadilisha mlinganyo huhitaji programu. Vilevile jibu lililofichwa kwa njia hii bado limo katika ukurasa, na mwanafunzi mjanja atalisoma katika maandishi yake asilia. Kwa hiyo njia hii ni ya mazoezi, si ya mtihani. Ninachopinga ni kuitumia programu mahali ambapo haihitajiki.

Mwaka 2006 shirika la W3C, linalosimamia kanuni za wavuti, lilichapisha waraka unaoshauri kwamba tutumie lugha yenye nguvu ndogo kabisa inayotosha kazi iliyopo. Wahenga wetu walikwisha kutuonya mapema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi, ndugu mwalimu, katika kipindi kijacho waagize wanafunzi wako watengeneze ukurasa wa maswali kumi bila JavaScript. Wakimaliza, waulize ni kipi kilichowashinda kabisa. Hicho ndicho kiwe somo lao la kwanza la programu.