Viza ya Mhudumu, Kitanda cha Mgonjwa
Machi 11, 2024, Uingereza iliwazuia wahudumu wa wazee kutoka nje kuingia na wenzi wao au watoto; Julai 22, 2025 ikafunga mlango wa kuwaajiri kutoka ng'ambo. Wazee hawakupungua. Kila asubuhi lazima mtu amwinue bibi kitandani, amwogeshe, amhesabie vidonge. Wakati mwingine mtu huyo ni mama kutoka Zimbabwe au Nigeria, na viza yake imefungwa kwa mwajiri mmoja: mwajiri akipokonywa leseni, mama hupewa siku 60 tu apate mwingine au aondoke. Nani atathubutu kudai mshahara aliopunjwa? Huu ni uonevu, na wahudumu wakikosekana mgonjwa naye anaumia: aliyekwisha kupona hubaki wodini kwa kukosa wa kumtunza nyumbani, huku mwingine akisubiri kitanda hichohicho.