Mji wa Kasulu na Fundi wa Titye

Kijana wa Titye akitaka kuunda mashine ya kuparaza muhogo, hana budi kwanza afunge safari. Bati alifuate Kasulu, vyuma chakavu avitafute huko huko, na fundi wa kukereza huenda asimpate ila Kigoma. Nauli yamla mtaji kabla hajapiga nyundo hata mara moja. Si mvivu, wala akili haikumpungukia. Aliyempungukia ni jirani mwenye kazi iliyo tofauti na yake.

Jirani huyo hupatikana mjini, na wengi wetu katika Chama tumechelewa kuliona jambo hili. Tumezoea kuutaja mji kuwa ni mahali pa anasa na unyonyaji. Hofu hiyo ina asili yake: Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya kwamba fedha za mikopo hutumika mijini, na deni hulipwa kwa jasho la mkulima. Onyo hilo lingali kweli. Lakini Azimio halikusema mji usiwepo, na Mpango wa Pili wa Maendeleo, wa 1969 hadi 1974, ulitaja miji tisa ya kukuzwa ili Dar es Salaam isiimeze nchi. Tabora ilikuwamo. Kigoma haikuwamo, sembuse Kasulu.

Zamani za Waingereza, Uha ilikuwa ghala la mikono. Wazee wetu walipanda gari la moshi kwenda kukata mkonge mashambani Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa kuwa walihesabiwa kwa nambari. Leo wajukuu wao wapanda basi kwenda Kariakoo kutembeza soksi. Tofauti ni nini?

Na tutazame Kamukunji, Nairobi. Pale mafundi wa bati wafanya kazi bega kwa bega, hata mpita njia hasikii neno la mwenziwe kwa kelele za nyundo. Mapipa makuukuu yaingia, majiko, masanduku, makarai na matoroli yatoka. Fundi akibuni mkunjo mpya asubuhi, jirani amekwisha kuuiga jioni, na wa tatu atautengeneza ukawa bora zaidi. (Wapenda sheria watakunja uso, wanunuzi hawalalamiki.) Watu hawa walisumbuliwa na wakubwa wa mji kwa miaka mingi, mpaka katika miaka ya 1980 serikali ya Kenya ilipowajengea vibanda. Iliwajengea pale pale, karibu na wanunuzi. Haikuwapeleka porini.

Kasulu sasa ina halmashauri yake ya mji. Mwaka 2022 umeme wa gridi ya Taifa uliifikia, na majenereta ya dizeli yakazimwa. Kwa fundi wa kuchomelea habari hiyo ni kubwa kuliko hotuba kumi, zikiwamo zetu. Lakini umeme hauna faida kwa mtu asiye na mahali pa kusimamisha meza yake. Katika miji yetu mingi mafundi huhesabiwa kuwa takataka, wakasukumwa pembezoni kila ajapo mgeni mkubwa. Vitambulisho vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 viliwapa wadogo hawa heshima kidogo. Hata hivyo kitambulisho si kiwanja.

Twasema basi: eneo la mafundi litengwe kandokando ya soko, lipimwe, lipewe hati, na liwe na mashine moja ya kukereza ya kukodishwa kwa saa. SIDO ipo tangu mwaka 1973, na kazi ya namna hii ndiyo iliyoundiwa. Gharama yake haizidi semina chache za wakubwa hotelini.

Madiwani wengi ni wanachama wenzetu. Ndugu wa matawi ya Kasulu na Titye wawaulize katika vikao vijavyo: kwenye ramani ya mji, mafundi wamewekwa wapi, na ni hatua ngapi kutoka hapo hadi sokoni?