Nyumba Zinazochorwa Juja



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimshukie yeye na aali zake, juma hili twapenda kuzungumza na wazazi wenye watoto wanaosomea usanifu wa majengo huko bara, hasa walioko Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, pale Juja, kati ya Ruiru na Thika. Chuo hicho kilianza mwaka 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani, na mwaka 1994 kikapewa daraja ya chuo kikuu kamili. Humo ndimo wanamofunzwa baadhi ya vijana watakaochora majengo ya nchi hii, na wana wetu wa pwani wamo miongoni mwao.

Mwanafunzi wa fani hii afikapo mwaka wa mwisho hutakiwa kufanya mradi mkuu. Wazazi wengi hudhani ni mtihani kama mitihani mingine, wa kukaa saa tatu na kalamu. Sivyo. Katika miaka iliyotangulia, aghalabu mwalimu ndiye aliyemchagulia swali: chora zahanati, chora maktaba. Katika mradi wa mwisho mwanafunzi huachiwa achague mwenyewe ni jengo gani, ni la nani, na litasimama kwenye kiwanja kipi. Mwalimu wake akiridhika na shauri hilo, huenda kukipima kiwanja, akatazama jua linapopita na upepo unakotoka, akawauliza watakaolitumia jengo wanaishije. Kisha huchora: ramani ya chini, sura za nje, na mkato unaoonyesha jengo kana kwamba limepasuliwa kwa msumeno kutoka paa hadi msingi. Mwisho huunda mfano mdogo wa kadibodi au mbao, akasimama mbele ya jopo la watahini, akaulizwa sababu ya kila ukuta.

Mama mmoja alitujia baada ya darsa akiwa na dukuduku. Akasema, "Sheikhe, ada nimeshalipa. Sasa binti yangu ataka pesa nyingine, za makaratasi makubwa na kadibodi na gundi ya kujengea nyumba ya mchezo. Tena ataka nauli aje pwani kupima nyumba za watu. Hii si israfu?" Tulimjibu kwamba israfu ni kutumia mali pasipo na manufaa, na mfano huo si mchezo. Fundi wa nguo hukata karatasi kwanza kabla ya kutia mkasi kwenye kitambaa cha watu. Msanifu naye hukosea kwenye kadibodi ili asikosee kwenye saruji. Hata hivyo si haramu mzazi kumuuliza mwanawe kama kadibodi ya maboksi ya dukani haitoshi kwa majaribio ya mwanzo.

Lakini lililotufanya tuandike si gharama. Ni swali la nini kinachochorwa katika mwaka huo mmoja ambao kijana ameachiwa uhuru wa kuchagua.

Tazameni nyumba za ghorofa ambazo familia zetu zinapanga leo. Mlango ukifunguliwa, mgeni ameshafika sebuleni, na kutoka sebuleni jicho lake limeshafika jikoni, kwa kuwa jiko na sebule vimeachwa bila ukuta. Fundi wa mabomba akija, au rafiki wa mume, mama wa nyumba hana pa kukimbilia ila chumba cha kulala, ama ajitande buibui ndani ya nyumba yake mwenyewe mpaka mgeni aondoke. Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Suratun-Nahl kwamba amezijaalia nyumba zetu ziwe pahala pa utulivu. Mwanamke asiyeweza kuvua ushungi wake nyumbani hajaupata utulivu huo. Aliyeichora nyumba hiyo hakukusudia kumdhuru mtu. Alichora alichokijua, na hakuna aliyemwambia jingine.

Wazee wetu walikuwa wakilijua jingine. Katika nyumba za mawe za Lamu, mgeni hupokewa kwanza dakani, penye vibaraza viwili vya kukalia, akasema haja yake na akaondoka pasi na kuingia ndani. Akiruhusiwa kupita, njia humpindisha pale tekani kabla ya kufika kiwandani, ili anayepita barabarani asione yaliyomo. Baada ya kiwanda ndipo huja misana, na baada ya misana ndipo huja ndani, kila hatua ikizidi kuwa ya wenyewe. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hauwezi kuuzidi urefu wa boriti. Na palipokuwa na jamaa wa nyumba mbili zinazokabiliana, walijenga wikio juu ya barabara, wanawake wakapita kwenda kwa dada zao bila kushuka chini. Hayo yote ni usanifu, ingawa waashi waliouleta hawakuwa na shahada. Mwaka 2001 mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kabla ya hapo, mwaka 1975, Usam Ghaidan, msanifu mzaliwa wa Iraq aliyefanya kazi Kenya, alikwisha kuchapisha kitabu juu ya mji wa Lamu na nyumba zake.

Hapa twaomba tusieleweke vibaya. Hatuwatumi vijana wachore zidaka za plasta na milango ya nakshi kwa ajili ya hoteli nyingine ya watalii. Hizo zipo za kutosha, na wengi wetu hatujawahi kulala ndani yake. Tunalotaka wachukue ni swali lililojibiwa na nyumba zile, wakalijibu upya kwa hali ya leo. Familia ya watu saba, vyumba viwili, ghorofa ya tatu, Kisauni au Majengo: watoto wa kike na wa kiume watatenganishwa vipi wakishafikia umri? Mgeni ataketi wapi? Maiti ataoshewa wapi, na jeneza litashukaje kwenye ngazi iliyopinda mara mbili kila ghorofa? Waliokwisha kubeba jeneza katika ngazi hizo wanajua tunasema nini.

Au waangalie misikiti yetu. Ni mara ngapi pahala pa wanawake pamewekwa juu, panafikiwa kwa ngazi ya nje, hapana pa kutawadha, na mama mwenye mtoto mchanga hana pa kumlaza? Au madrasa, ambamo watoto sitini hukaa chini ya bati saa nane za mchana, na dirisha liko upande usio na upepo? Hayo ni maswali yanayostahili mwaka mzima wa kijana mwenye akili, na mwalimu aliyeko Juja hawezi kumpa mwanafunzi wake kwa kuwa hakuwahi kuyaishi. Mama wa nyumba ndiye anayeyajua, na ndiyo sababu twasema kwamba katika mradi huu kina mama ni walimu pia, hata asiyejua kuandika.

Iko mifano miwili ambayo vijana hawa yawapasa kuitafakari. Wa kwanza ni wa Hassan Fathy, Mmisri, mmoja wa wasanifu Waislamu wanaoheshimiwa sana katika karne iliyopita. Katika miaka ya 1940 alipewa kazi ya kujenga kijiji kipya cha Gourna karibu na Luxor, ili wahamie watu waliokuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale. Alitumia matofali ya udongo, akajenga msikiti, soko na nyumba zenye kuba, na kazi yake ilikuwa nzuri mno. Watu wakakataa kuhama. Riziki yao ilikuwa pale pale walipokaa, na wapo waliosema kuwa kuba kwao ni alama ya kaburi. Kijiji hakikumalizika kama alivyokikusudia. Sisi hatumlaumu mzee huyo, kwani uamuzi wa kuwahamisha watu haukuwa wake. Lakini msanifu aliyepewa jibu kabla ya wenye nyumba kuulizwa ana kazi ngumu, hata awe na kipaji gani.

Wa pili ni Francis Kéré wa Burkina Faso, na yeye alikuwa mwanafunzi bado. Alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, kisha akasomea usanifu katika chuo kikuu mjini Berlin. Angali masomoni, alichangisha fedha akaenda kujenga shule ya msingi katika kijiji chake cha Gando. Alipowaambia wanakijiji kwamba itajengwa kwa udongo, walisita, maana walizoea kuona kuta za udongo zikibomoka kila msimu wa mvua. Hakuwatolea hotuba. Walijenga tao la matofali ya udongo, wakapanda juu yake wakaruka-ruka mbele ya macho ya watu, na tao halikuanguka. Wanaume kwa wanawake wa kijiji wakashiriki katika ujenzi, paa likainuliwa juu ya dari ili joto litoke, na shule ikakamilika mwaka 2001. Mwaka 2004 ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu, na mwaka huo huo ndipo alipomaliza masomo yake. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika fani hiyo. Si kila mwanafunzi atajenga shule kabla ya kupata shahada, nasi hatumtwishi mtu mzigo huo. Twataka tu ionekane kwamba alianza na haja ya kijiji alichokijua.

Sasa turudi kwenye mlango wa nyumba zetu, kwa kuwa hapo ndipo pana tatizo. Mwanafunzi huja na futi yake na daftari, akabisha hodi, akaambiwa hapana. Familia yaogopa kwamba ni mtu wa kodi, au wa kaunti, au dalali. Hofu hiyo ina sababu zake. Hata hivyo, kijana anayejulikana, aliyeletwa na jirani au imamu, na mwenye barua ya chuo chake, apokewe. Na ikiwa mwenye nyumba ni mwanamke aliye peke yake, basi aje mwanafunzi wa kike, au mwanafunzi wa kiume aje wakati mahram yupo.

Mwanafunzi naye ana wajibu. Suratun-Nur imetuamrisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe, na idhini ya kuingia sebuleni si idhini ya kupiga picha chumbani. Aombe ruhusa kwa kila picha. Asiandike jina la mwenye nyumba wala asionyeshe uso wa mtu mbele ya jopo. Aliyoyasikia ndani ya nyumba, kwamba mke na mume wamelala mbalimbali au kwamba mvua inavuja juu ya kitanda cha bibi, ni amana. Achukue kipimo, siri aiache ilipo.

Wengine wametuuliza kuhusu vile vivuli vya watu ambavyo wanafunzi huvitia katika michoro ili kuonyesha ukubwa wa jengo. Wanazuoni wamehitilafiana katika suala la picha, na wako wanaoona kuwa kivuli kisicho na sura ya uso hakina ubaya. Ambaye moyo wake hautulii na afuate nasaha ya Ibn Abbas kwa mchoraji aliyemwendea, ya kushikamana na miti na visivyo na roho. Mnazi ukichorwa kando ya ukuta waonyesha kimo vizuri tu.

Na wazazi wa mabinti, tunajua hofu yenu juu ya zile wiki za mwisho, ambapo wanafunzi hukesha studio wakikamilisha michoro. Msimkataze kwa simu kutoka Mombasa kazi ambayo ameifanyia jitihada miaka yote hiyo. Mwambieni asikeshe peke yake, bali na wenzake wa kike, awe na njia ya salama ya kurudi anapoishi, na asiache swala ya alfajiri kwa ajili ya gundi isiyokauka. Na siku ya kusimama mbele ya jopo ikifika, mzazi mwenye uwezo ampigie simu asubuhi, amuombee dua. Si wengi wanaofanya hivyo kwa kazi ya michoro, ilhali kwa mitihani ya darasa la nane tulikuwa tukisoma khitma.

Limebaki ombi moja kwa wanafunzi wenyewe. Miradi mingi ikishapewa alama huwekwa rafuni chuoni, na mama aliyewafungulia mlango haoni tena kilichotokana na nyumba yake. Rudini nayo. Nakala moja ya michoro ipewe mwenye nyumba, nyingine ikabidhiwe kamati ya msikiti wa mtaa, na siku moja baada ya Isha mwanafunzi aibandike ukutani, aieleze kwa lugha ya kwetu, na kina mama wakiwa pahala panapowawezesha kuiona na kuikosoa. Gharama ya kuchapisha nakala hizo kamati zetu zaweza kuibeba, na katika msikiti tunaodarsisha tumeshalipeleka shauri hilo mezani.

Wabillahit-tawfiq.