Mafuta ya kupikia yalikuwa na kolesteroli lini?

Pita kwenye rafu za mafuta katika duka lolote kubwa hapa Mombasa. Mtungi baada ya mtungi umeandikwa kwamba mafuta yake hayana kolesteroli, na mwingine umechorwa moyo mwekundu kando. Mama mwenye mgonjwa wa presha nyumbani huuona ule moyo, akaongeza shilingi zake, akauchukua.

Sasa ndugu msomaji, mafuta ya mmea yalikuwa na kolesteroli lini? Kolesteroli hutoka kwa mnyama: nyama, maini, mayai, samli. Mchikichi hauna, alizeti haina, ufuta hauna. Ni kama muuza maji atangaze kuwa maji yake hayana mifupa. Si uongo, na ndiyo maana ni vigumu kumshika.

Lisiloandikwa kwa herufi kubwa ni kwamba mengi ya mafuta tunayokaangia viazi karai na mahamri ni ya mawese, yanayoletwa kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia. Karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayoganda, yale ambayo lebo huyaita saturated fat. Hayo ndiyo huongeza kolesteroli katika damu, kwa sababu kolesteroli nyingi ya mwili hutengenezwa na mwili wenyewe. Kwa hivyo mtungi unasema kweli, na mgonjwa anazidi kuumwa.

Na nazi je? Tuliambiwa miaka na miaka tuiache, eti tui linaziba mishipa. Wako waliotupa mbuzi ya kukunia stoo. Mara mafuta ya nazi yakarudi kutoka ng'ambo yamevaa kanzu mpya, kichupa kidogo kwa bei ya kuvunja mgongo, na sasa ni dawa ya kila kitu. Wengine huyanywa kwa kijiko asubuhi, Subhanallah. Mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kikashauri yasitumike, kwa kuwa asilimia 82 ya mafuta hayo ni ya aina ile ile inayoganda. Mnazi wa Kilifi haujabadilika hata siku moja. Kilichobadilika ni anayeuza. Kwangu mimi, wali wa nazi wa Ijumaa si sawa na kunywa mafuta matupu kila siku.

Chile ililiona hili. Tangu 2016, chakula kilichozidi sukari, chumvi au mafuta hayo hubandikwa alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti, wala hakuna haja ya kusoma maandishi madogo. Wizara yetu ya Afya nayo imekuwa ikizungumzia alama za mbele ya pakiti. Izibandike basi.

Kwa sasa, geuza mtungi utafute mstari wa saturated fat kwa gramu 100. Alizeti huwa kama 11, mawese hukaribia 50. Ila anayenunua mafuta ya kupima kwa shilingi ishirini, na ndio wengi mitaani kwetu, hana lebo ya kugeuza.