Maongezi ya Juma: Mwalimu Baada ya Saa Kumi

Naandika kutoka Moi's Bridge, mji ambao wazee wengine bado huuita kwa jina lake la zamani, Hoey's Bridge. Juma lililopita nalikuwa ghalani nikingoja zamu ya kupimiwa mahindi, na jirani yangu mmoja, mkulima hodari, akanieleza shauri lake. Mwanawe yuko kidato cha pili, na mwalimu mmoja amemtia katika timu ya mpira wa magongo. "Bwana Karani," akasema, "nauza magunia haya ili kijana asome. Magongo hayamo katika mtihani. Niandikie barua kwa mwalimu mkuu ili atolewe."

Sikukataa, ila nalimwomba kwanza asikilize habari za Iten, ambako si mbali na kwetu. Ukipita Eldoret ni mwendo wa kilomita 30 na kitu. Mwaka 1976 mtawa mmoja wa Ayalandi, Bruda Colm O'Connell, alifika katika shule ya St. Patrick's kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea kufundisha riadha hata kidogo. Alimkuta mwalimu mwenzake akiwafunza wanafunzi mbio, akamsaidia. Na mwenzake alipoondoka, kazi ikamwangukia yeye. Angaliweza kusema kuwa yeye ni mtu wa ramani na mito. Badala yake alisimama kando ya uwanja jioni baada ya jioni, akiwatazama vijana wanavyokimbia, akajifunza kwao kabla ya kuwafundisha.

Mwaka 1988 Peter Rono, aliyesoma pale, alishinda mbio za mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul. Mwaka 1992 Matthew Birir, naye wa shule hiyo, alishinda mita 3000 za kuruka viunzi na maji huko Barcelona. Kisha David Rudisha, ambaye Bruda huyo alimlea katika mbio tangu ujana wake, alikimbia mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akaweka rekodi ya dunia.

"Basi mwanangu atakuwa Rudisha?" jirani akaniuliza.

Lilikuwa swali la haki, nami nalimjibu kwamba yaelekea sana hatakuwa. Wengi waliokimbia Iten walirudi nyumbani kulima, au kukaa ofisini kama mimi, na magazeti hayakuwataja. Lakini mwalimu amwonaye kijana jioni akiwa amechoka, ameshindwa na amekasirika, humjua kuliko yule amwonaye ameketi dawatini tu. Mimi mwenyewe katika shule ya misheni nalikuwa na kigugumizi, wala hapana mwalimu wa darasa aliyeshughulika nacho. Aliyenisaidia ni mtunza stoo, mtu asiye na cheti, aliyetufundisha kuimba kwaya. Aligundua kwamba nikiimba sikwami. Akanipa kutangaza jina la kila wimbo mbele ya watu. Mara ya kwanza walinicheka, mara ya sita hawakucheka.

Watu wa namna hiyo hatuwahesabu. Mpishi huweka chakula cha timu jikoni kisipoe, na dereva hurudi usiku na vijana waliolala vitini. Katika mikutano ya wazazi sisi huuliza alama na karo, kisha twaenda zetu.

Hata hivyo jirani yangu hakukosa katika kila jambo. Mwalimu amtoaye mtoto darasani juma zima kwa ajili ya mashindano amepita kiasi, na yafaa mzazi aende amwambie hivyo waziwazi. Ila michezo ya jioni ni jambo jingine. St. Anthony's ya Kitale na Kamusinga ya Bungoma zina sifa kubwa katika magongo, nazo hazisifiki kwa ujinga!

Zamu yake ikafika, magunia yakapimwa, akaondoka bila kusema tena habari ya barua. Jumamosi nalipita karibu na kiwanja cha shule nikamwona amekalia gunia tupu, peke yake, upande wa goli. Nalipomwamkia hakugeuka. Aliniuliza tu magongo yale huchongwa kwa mti gani.