Usimwite mvivu, ubongo wake unavuta nje ya mdundo

Wasee, leo sina video ya chakula wala ya ufuo. Kuna jambo limenikaa rohoni, nipeni dakika tano.

Wiki jana nilikuwa nyumbani Munje, pale pwani wanaposhusha samaki. Kaka yangu, mtoto wa mjomba, alikuwa amepata kibarua cha kupima na kuandika kilo. Kazi nyepesi, au ndo tulivyodhani. Mwenye samaki akamwambia kwa mkupuo mmoja: "Pima hawa changu, andika zile kilo 12 za nahodha, halafu kimbia kalete barafu."

Kaka akapima changu. Kisha akasimama. Kalamu mkononi, macho kwenye daftari, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Watu wakaanza kucheka. Mzee mmoja akasema, "Si amepona huyu? Basi sasa ni uvivu tu."

Sikumjibu. Mzee ni mzee. Namjibu hapa.

Kaka yangu ana skizofrenia. Nimemuuliza kama naweza kuandika, akasema andika ila jina usiweke. Ilimwanza akiwa na miaka 20, na huo ndo umri wenyewe: kwa wengi huanza mwishoni mwa ujana au kwenye miaka ya ishirini, yaani umri wetu mimi na wewe. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa watu milioni 24 hivi wanaishi nayo, kama mmoja katika kila 300. Mkaza mjomba alimpeleka kwa mganga mara mbili kabla ya hospitali, na simlaumu. Mwanao akiongea na ukuta saa tisa za usiku, unakimbilia mlango ulio karibu.

Sasa dawa anakunywa, kliniki haachi, na sauti zimenyamaza tangu mwaka jana. Kwa hesabu ya mtaa, amepona. Na mtu aliyepona akiganda na kalamu mkononi, basi ni mvivu.

Hiyo hesabu ndo mbovu. Sauti ni nusu ya ugonjwa, ile nusu inayopiga kelele. Nusu ya pili ni kimya: kushika mambo mawili matatu kichwani huku unayafanyia kazi, kutulia kwenye jambo moja, kufikiri kwa kasi ambayo dunia inakudai. Wengi wenye skizofrenia wana upungufu hapo, na mara nyingi huanza kabla hata ya sauti ya kwanza kusikika. Mara nyingi pia ndo unaoamua kama mtu atarudi kazini na kujitegemea, kuliko hata zile sauti. Si kila mtu anao kwa kiwango kimoja, ila upo na unapimika.

Unapimika vipi? Hapa ndo mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili, nilikesha nikisoma.

Mwaka 1924, katika mji wa Jena kule Ujerumani, daktari wa akili aitwaye Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kutoka juu ya kichwa. Alitangaza matokeo yake mwaka 1929. Ndo kipimo cha EEG tunachokijua kwa wagonjwa wa kifafa: vidude vidogo vinabandikwa kichwani, mashine inachora mawimbi. Seli za ubongo huongea kwa umeme, na zikiongea nyingi kwa pamoja, sauti yao ya umeme inafika hadi kwenye ngozi ya kichwa. Ukifumba macho ukatulia, yanakuja mawimbi ya alfa, kama 8 hadi 12 kwa sekunde. Kuna ya kasi zaidi, gama, kuanzia 30 hivi kwenda juu, na hayo huonekana sana ubongo unapounganisha mambo na kuyashika.

Kama umewahi kuona wavuvi wakivuta juya, utaelewa haraka. Watu ishirini, kamba mbili, mmoja anaimba, wote wanavuta kwenye pigo moja. Nyavu inakuja. Sasa wachukue watu walewale, nguvu zilezile, lakini kila mmoja avute kwa wakati wake. Watatoka jasho mpaka jioni na nyavu iko palepale. Utawaita wavivu? Walichokosa ni mdundo.

Mwaka 1999 watafiti wa Boston waliwasikilizisha watu milio mifupi, 40 kwa sekunde. Ubongo wa watu wasio na ugonjwa huu uliufuata mdundo, ukajibu na mawimbi 40 kwa sekunde. Wa watu wenye skizofrenia uliitikia kwa udhifu, na tafiti nyingi zilizofuata zimeona jambo hilohilo: jibu ni dogo na haliendi sambamba. Kuna kipimo kingine. Unasikia mlio uleule, uleule, uleule, mara unakuja tofauti. Ndani ya kama theluthi moja ya sekunde ubongo unatoa wimbi la kusema "hee, hiki kipya". Kwa watu wenye skizofrenia, wimbi hilo kwa kawaida huwa dogo.

Kwa hiyo mzee wangu, alipoganda pale na kalamu, hakuwa anakataa kazi. Alikuwa anavuta. Pengine alikuwa anavuta kwa nguvu kuliko sisi wote tuliokuwa pale.

Tuwekane sawa kwa jambo moja. Hayo ni matokeo ya wastani wa makundi. Hakuna mashine ya kukuvalisha kofia ikasema "huyu ana skizofrenia". Daktari anaijua kwa kuzungumza nawe na na watu wako, na kwa kufuatilia muda. EEG hospitalini husaidia kuangalia mambo mengine, kama kifafa, ambacho mara nyingine huleta dalili za kufanana. Mtu akikuuzia picha ya mawimbi kama uthibitisho, funga pochi yako.

Sasa utaniuliza, kwani dawa hazisaidii? Zinasaidia, na asiziache. Ila dawa alizonazo zinapiga hasa ile nusu ya kelele. Hii nusu ya kimya haina dawa yake bado. Kampuni ya Boehringer Ingelheim ilikuwa na dawa iliyotengenezwa kwa ajili yake, na Januari 2025 ikatangaza kwamba majaribio ya mwisho hayakufikia lengo. Kinachosaidia kwa kiasi leo ni mazoezi ya kufikiri yanayoongozwa na mtu, yakiambatana na kazi halisi na msaada kazini. Soma tena hapo: kazi halisi. Kile kibarua cha mizani tulichokuwa tunamcheka nacho ndo sehemu ya tiba.

Na huu utafiti wenyewe unatuhusu kiasi gani? Hapa kwetu pwani kuna hatua. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi, pamoja na Chuo Kikuu cha Moi, wameshiriki utafiti wa NeuroGAP, uliokusanya mate na majibu ya maelfu ya watu Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini ili kuelewa urithi wa magonjwa haya. Ila hayo ni mambo ya jeni. Kwenye mawimbi kuna kikwazo utacheka: nywele. Vile vidude vya EEG vilitengenezwa kukaa kwenye nywele laini. Kwenye nywele zetu, au kichwa kilichosukwa, havigusi ngozi vizuri, na watu weusi wamekuwa wakiachwa nje ya tafiti kwa sababu hiyo. Marekani, mwanafunzi wa Carnegie Mellon aitwaye Arnelle Etienne alibuni vidude vinavyobana katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Yaani twende kilioni yako ndo inavishikilia. Niliposoma hapo nilijishika kichwa. Miaka karibu mia tangu Berger, ndo mtu anakumbuka kuwa na sisi tuna ubongo chini ya misuko.

Hayo ya maabara siyawezi. Ya Munje nayaweza, na wewe ya kwenu unayaweza. Kama una ndugu au rafiki wa aina hii, mpe jambo moja kwa wakati. Akimaliza, mpe la pili. Mwandikie. Punguza redio mnapoongea. Mpe sekunde kumi za kujibu kabla hujamkatiza. Ukienda naye kliniki, usiishie kumwambia daktari "sauti zimeisha". Mwambie pia anasahau, anachelewa kufikiri, anachoka haraka. Muulize kama dawa nazo zinamlemaza, manake mara nyingine kipimo cha dawa kinaweza kurekebishwa, na hiyo ni kazi ya daktari, si yako wala ya jirani.

Mimi niliacha chuo, na mtaa uliniita mvivu pia. Lakini mimi nilichagua mlango nikatoka. Kaka yangu hakuchagua. Ndo maana neno hilo likitupwa kwake linaniuma zaidi kuliko likitupwa kwangu.

Siku iliyofuata nilikwenda naye pwani. Nikamwomba mwenye samaki, kwa heshima zote, amwambie moja moja. Akanitazama kama nimemwomba boti, ila akajaribu. "Pima." Akapima. "Andika." Akaandika. "Barafu." Akaenda.

Alimaliza saa nne, amechelewa kama nusu saa. Nilijumlisha daftari lote mwenyewe. Hakukosea hata kilo moja.